Kamera kwenye theluji: jihadhari unapoingia ndani

Toa soda kwenye friji mchana wa Mombasa, uiweke mezani. Hujapata hata opena, chupa imeshatoka jasho. Sasa badala ya chupa weka kamera. Umezunguka nayo Minneapolis, Marekani, mwezi wa Januari, nyuzi 15 chini ya sifuri, kisha unaingia nayo sebuleni kwenye hita, chai inachemka. Unyevu wa hewa ya ndani unageuka matone juu yake na, kibaya zaidi, ndani yake: nyuma ya vioo vya lenzi, kwenye nyaya. Sisi wa nchi za joto tunaogopa baridi ya nje, kumbe kamera nyingi huumia zikirudi nyumbani.

Kwa hiyo kabla hujafungua mlango, pangusa theluji, toa memori kadi, tia kamera kwenye mfuko wa plastiki wa zipu, kamua hewa, funga. Jasho litashika mfuko badala ya kamera. Iache saa mbili au zaidi, mpaka ukiushika mfuko husikii ubaridi. Usiisogeze kwenye hita eti iwahi. Kadi nimesema uitoe mapema kwa sababu najua WhatsApp ya familia haingoji, na haraka hiyo ndiyo hufunguza watu mfuko. Iweke mfukoni mwa shati, itakuwa imepata joto ukifika kwenye kompyuta.

Betri itakudanganya. Lithiamu ikipigwa na baridi hupooza, volti hushuka, kamera inadai chaji imekwisha. Haijaisha. Beba ya pili ndani ya koti, karibu na mwili, uwe unazibadilisha. Ile "iliyokufa" ikipata joto huamka. Ila usiichaji ingali baridi kama barafu, utaiharibu moja kwa moja.

Vitabu vya maelezo vya kamera nyingi huandika kuwa itumike kwenye nyuzi 0 hadi 40. Usitishike sana. Chini ya hapo zinapiga, skrini tu inakuwa nzito. Usipulizie lenzi pumzi, itaganda.

Halafu kuna picha zenyewe. Kamera huona weupe mwingi ikadhani mwanga umezidi, ikaupunguza: theluji inatoka kijivu kama saruji, na wewe mwenye ngozi yako nyeusi unabaki meno tu. Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, uongeze 1 hadi 2. Ukimpiga mtu kwa karibu, pima mwanga usoni mwake. Theluji ya nyuma ikipauka, iache ipauke, nyumbani walitaka kumwona yeye. Na ukimaliza rudisha kitufe kwenye sifuri, la sivyo picha za sebuleni zote zitatoka nyeupe kama mtu kamwagiwa unga.