Kupima mvua kwa chupa, na kuipeleka kwenye mkutano wa kijiji

Mkutano wa kijiji ukifika kwenye ajenda ya mvua, iwe Uru, Kibosho au Mabogini huku Moshi, Kilimanjaro, mambo huenda hivi: mzee anasema zamani masika hayakuwa na mchezo, kijana anasema miti imekatwa, mama mmoja anasema ni kazi ya Mungu, mwenyekiti anatazama saa. Hakuna wa kumpinga mwenzake kwa sababu hakuna aliyepima. Ukitaka mazungumzo ya tabianchi yafike mahali, anza na chupa, bomba la sindano na daftari.

Chukua chupa ya maji ya lita 1.5. Ikate pale bega linapoanza, ugeuze kipande cha juu kiwe faneli, ukichomeke ndani ya kile cha chini bila kizibo. Faneli inapunguza maji kukaushwa na jua. Zungushia ukingo wa mdomo selotepu ya mafundi umeme, kwa sababu plastiki iliyokatwa hulegea ikawa kama yai. Kisha pima kipenyo cha mdomo kwa rula, mara 2, kwa pande 2 zinazokatana. Hapa usiwe na haraka. Mdomo wa sentimita 9 una eneo la sentimita za mraba 63.6 (nusu kipenyo mara nusu kipenyo mara 3.14), ilhali wa 8.5 una 56.7. Kosa la nusu sentimita tu linapotosha mvua yako ya mwaka mzima kwa zaidi ya asilimia 10.

Wengi hubandika rula ubavuni mwa chupa wasome moja kwa moja. Tunawashauri msifanye hivyo: kitako cha chupa kina mabonde na kiuno kina mikunjo. Nunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa, bila sindano yenyewe. Mimina maji ya chupa kwenye kikombe kisafi, uyavute kwa bomba, uhesabu. Mililita ulizopata gawanya kwa 6.36 (kwa mdomo wa sentimita 9) na jibu ni milimita za mvua. Mabomba 6 kamili na mililita 7 ni mililita 127, yaani mvua ya milimita 20. Kwa njia hii umbo la chupa halina kazi tena. Kinachohesabika ni mdomo.

Funga chupa kwenye nguzo, mdomo ukiwa kama mita 1 kutoka ardhini na umelala sawa. Iwe mbali na kila kilicho jirani kwa mara 2 ya urefu wake: mgomba wa mita 4, kaa mita 8. Kwenye kihamba (shamba linalozunguka nyumba) kilichobanana hutapata nafasi hiyo, basi omba uwanja wa shule, kanisa au msikiti. Jani la mgomba hukinga mvua likaimwaga kwa mkupuo. Chupa iliyo chini ya ncha yake itakupa gharika ambayo jirani hakuiona.

Soma kila siku saa 3 asubuhi, ndiyo saa ya vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA), ili takwimu zako zilingane na zao. Siku kavu andika 0. Siku ambayo hukupima andika "sijapima". Daftari lenye nafasi tupu haliaminiki, maana mwezi wa Mei uliojaa matupu unaweza kuwa ukame au unaweza kuwa mtoto aliyeachiwa kazi akaenda kucheza. Badilisha chupa kabla ya masika na kabla ya vuli, kwa kuwa jua huipasua, na upime mdomo upya.

Kabla ya mkutano toa vitu 4 kwenye daftari: jumla ya mwezi, siku zilizofikisha milimita 1 au zaidi, siku kavu nyingi zaidi zilizofuatana, na siku moja yenye mvua kubwa kuliko zote. Jumla peke yake hudanganya. Milimita 120 zikigawanyika siku 15 hulea mahindi. Zilezile zikishuka kwa siku 3 hujaza korongo na kuondoka na udongo. Hapo ndipo joto la dunia linapoingia bila kulazimishwa: hewa ikipanda joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi hubeba mvuke zaidi kwa takribani asilimia 7, na muongo wa 2011–2020 ulikuwa na joto zaidi kwa nyuzi 1.1 hivi kuliko miaka ya 1850–1900. Mvua ikipata nafasi ya kushuka, hushuka kwa kishindo.

Ukisimama, usianze na neno tabianchi. Sema: "Milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Juzi tulipata 20. Bati la mita za mraba 60 lilipokea lita 1,200. Nani aliyekinga?" Eka moja, kwa mvua hiyohiyo, imepokea lita kama 80,000. Watu wataacha simu.

Usidai kwamba daftari la miaka 2 limethibitisha mabadiliko ya tabianchi. Wastani wa hali ya hewa huhesabiwa kwa miaka 30, sasa ni 1991–2020. Kumbukumbu ndefu ziombe TMA, yenye vituo viwanja vya ndege vya Moshi, Arusha na Kilimanjaro (KIA). Na usilinganishe Kibosho na Mabogini; mlimani na tambarare ni mvua 2 tofauti.

Theluji ya Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, itatajwa, haikosi. "Barafu ya Kibo ikiisha, chemchemi zitakauka." Barafu imepungua kweli, kwa takribani asilimia 85 kati ya 1912 na 2007, lakini maji ya chemchemi na mifongo (mifereji ya jadi ya umwagiliaji) hutokana zaidi na mvua na ukungu wa ukanda wa msitu. Anayelilia Kibo huku akichoma msitu amekosea anwani. Atakayesema waliochafua hewa ni nchi tajiri, mkubalie, kwani sehemu ya Afrika ni ndogo sana. Kisha muulize mtaro wa barabara yenu uliziba kwa taka za nchi gani. Anayemtaja Mungu usibishane naye. Muulize tuipokeeje hiyo mvua.

Utabiri nao usomeni pamoja. TMA ikisema "wastani", inamaanisha asilimia 75 hadi 125 ya kawaida ya muda mrefu, kwa msimu na kwa eneo pana, si shambani kwako wiki ijayo. Angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa ni ngazi 3 tofauti. Mvua kubwa kwao ni ile inayozidi milimita 50 kwa saa 24. Kwenye chupa yetu ni mililita 318, karibu mabomba 16.

Mwisho mwombe mtendaji aingize namba hizo kwenye muhtasari, pamoja na jina la atakayesafisha mfongo na tarehe, kabla watu hawajaanza kunyanyuka.