Kupaki katikati ya magari mawili, Malindi mjini

Kama unaweza kuendesha kutoka Watamu hadi Malindi katikati ya tuktuk na bodaboda, kupaki kando ya barabara hakukushindi. Kinachowatia watu hofu ni kwamba hawajaonyeshwa utaratibu. Mimi huwafundisha wanawake wa nyumbani na majirani, na neno ninalolirudia kuliko yote ni hili: gari liende mwendo wa kobe, mikono ikate usukani upesi. Wengi hufanya kinyume, na gari hukaa upogo.

Usianzie Barabara ya Lamu. Tafuta uwanja mtupu asubuhi ya Jumapili. Jaza mchanga mitungi minne ya lita 20, kila mmoja uusimamishie ufito wenye kitambaa chekundu juu, maana mtungi peke yake ni mfupi na hauuoni kwenye kioo. Mchanga nao unasaidia: msimu wa upepo wa kusi mtungi mtupu hauchelewi kuanguka. Miwili iwe badala ya bampa ya nyuma ya gari la mbele, miwili badala ya bampa ya mbele ya gari la nyuma. Anza na nafasi ya urefu wa gari lako mara mbili, kisha ipunguze hadi mara moja na nusu. Vitz haifiki mita 4 na Probox inazipita kidogo, kwa hiyo karibu mita 6 zinatosha. Vua ndara kama zinateleza, na pindo la buibui lipandishe lisiingie kwenye klachi.

Sasa kazi yenyewe. Kenya tunaendesha kushoto, kwa hiyo nafasi iko kushoto kwako. Washa indiketa mapema, lipite gari la mbele na usimame ubavuni mwake, bampa yako ya nyuma ilingane na yake, katikati yenu pabaki kama nusu mita au zaidi kidogo. Tia rivasi. Taa ya rivasi ikiwaka, aliye nyuma anaelewa unataka nini. Akiwa ameshakukaribia mno, mpungie mkono apite.

Kabla gari halijasogea, geuza shingo utazame bega la kushoto, usitegemee kioo peke yake. Bodaboda hapa mjini hupenya hata pale penye nafasi unayoitaka wewe. Pakiwa salama, achia breki kidogo tu. Otomatiki haihitaji ukanyage mafuta, inajisogeza yenyewe. Gari la gia libalansi kwa klachi. Gari likianza kutembea, kata usukani wote kushoto.

Hapa ndipo wengi huganda, na hapa ndipo ninapotulia nao zaidi. Macho yahamie kioo cha kulia. Wifi yangu nilikuwa nikimuuliza, “Wifi, simama. Unaona nini?” Anasema, “Naona taa moja ya gari la nyuma.” “Basi bado, rudi kidogo.” “Sasa naona zote mbili.” “Nyoosha usukani.” Hiyo ndiyo alama. Taa zote mbili za gari la nyuma zikitokea kwenye kioo cha kulia, gari lako limelala mshazari unaofaa. Kwenye mazoezi, taa hizo ni zile fito mbili za nyuma.

Usukani ukiwa umenyooka, endelea kurudi hadi pembe ya kushoto ya bampa yako ya mbele iwe imeipita bampa ya gari la mbele. Kisha kata wote kulia, na pua ya gari itaingia. Gari likinyooka, simama, nyoosha tairi, sogea mbele au nyuma ukae katikati. Shibiri moja au moja na nusu kutoka ukingoni ni nzuri. Tairi ya nyuma ikigusa ukingo kabla pua haijaingia, umechelewa kukata kulia: toka uanze upya, usilazimishe.

Sehemu nyingi za mji wetu hazina ukingo wa zege. Lami inakwisha na mchanga unaanza. Kwenye mchanga usizungushe usukani gari likiwa limesimama, tairi huchimba shimo na kutoka kwake ni taabu. Teremsha kioo cha kushoto uione tairi ya nyuma inakanyaga wapi.

Halafu kuna wasaidizi. Ukitia rivasi tu utasikia, “Rudi! Rudi! Kata, mama, kata!” kutoka kwa watu watatu, kila mmoja na lake. Nia yao ni njema, lakini anayeliendesha gari ni wewe. Chagua mmoja unayemwona kwenye kioo, wengine washukuru. Akipotea kwenye kioo, kanyaga breki hadi umwone tena. Ukihisi moyo unakwenda mbio, vuta hendibreki, vuta pumzi, tazama pande zote, ndipo uendelee. Honi ya nyuma isikuharakishe hata kidogo. Anayepiga honi hatalipa taa ya mtu.

Ukishazima gari, mlango ufungue kwa mkono wa kushoto. Mwili utageuka wenyewe, na jicho litamwona mwenye baiskeli au bodaboda anayekuja kabla mlango haujamfikia.