Kipokezi Kinavyomezwa: Kionyeshe kwa Leso

Nilikuwa nikiwaambia vijana wangu hapa Langoni, Lamu, kwamba seli ikishameza kipokezi cha EGF (protini ya kwenye utando wake inayopokea amri ya kukua), imekizima. Msichana mmoja akanikatiza: "Mwalimu, na mkia wake uko wapi?" Tangu siku ile nafundisha kwa leso.

Tafuta leso kuukuu, shanga mbili, uzi mwekundu, sindano, ukambaa na kipande cha wavu wa samaki. Wawili waitandaze leso hewani (uani, si kichochoroni, punda hawana subira). Leso ni utando wa seli: juu ni nje ya seli, chini ni saitoplazimu, yaani ndani ya seli.

1. Shona shanga juu, uzi utokeze chini kama mkia. Hivyo ni vipokezi. EGF, protini iliyompa Stanley Cohen Tuzo ya Nobel ya 1986 pamoja na Rita Levi-Montalcini, ikivishika huungana viwili viwili na mikia hubandikana fosfati, vijialama vya kemikali. Amri ya kukua imeanza. Piga fundo kwenye kila mkia: ndiyo yubikwitini, protini ndogo ya alama inayowekwa na protini nyingine, Cbl.

2. Kinga wavu chini, ambao ni klathrini, protini inayouvika mfuko kama wavu, na uzamishe shanga mpaka pawe na mfuko. Kaza shingo kwa ukambaa. Kwenye seli protini iitwayo dainamini ndiyo hukata. Kisha vua wavu.

3. Hapa usiwe na haraka. Shanga zimo mfukoni, lakini mikia ingali nje, saitoplazimuni, na bado inatoa amri! Mfuko huu sasa ni endosomu, kituo cha kupanga mizigo ndani ya seli, pH yake (kipimo cha asidi; chini ya 7 ni asidi) karibu 6. TGF-alfa, protini nyingine ya amri ya kukua, hushika kipokezi hiki hiki, ila asidi hiyo huiachisha, na kipokezi hurudi juu kutumika tena. EGF hung'ang'ania, basi kipokezi hubaki na alama yake na kupelekwa kuvunjwa.

4. Fungua mafundo, maana seli huiokoa yubikwitini. Kisha sukuma kwa kidole pale penye mikia, uingie ndani ya mfuko wenyewe, na ubane mdomo wa kishimo hicho. Kazi hii ni ya kundi la protini liitwalo ESCRT. Mikia imefungiwa.

5. Lisosomu (kifuko cha seli cha kuvunjia mizigo), yenye pH isiyofika 5, hupokea mzigo na vimeng'enya huukatakata. Hili nalisema tu. Leso ni ya mke wangu.

Mwishoni mpe mwanafunzi pini, aichomeke pale amri ilipokoma. Akiichomeka kwenye ukambaa wa hatua ya 2, kunjueni leso muanze upya.