SOMO: Kimbunga kikikukuta Orlando, Florida, ukiwa na watoto (soma kabla hujanitumia ujumbe)

Wakuu, salaam. Kila ikifika Agosti simu yangu haipumui. "Kaka, tumeshakata tiketi za Disney, sasa wanasema kuna kimbunga, tufanyeje?" Swali hili nimelijibu kwa sauti, kwa maandishi, na mara moja nikiwa msibani. Naliandika hapa mara moja, atakayeniuliza tena nampa kiungo nalala.

Mimi si mtaalamu wa hali ya hewa. Naishi Columbus, Ohio, na Oktoba 2024 kimbunga Milton kilinikuta Orlando na mke, watoto watatu, na mama mzazi aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Ninayoandika ni niliyoyafanya, na moja niliyoiharibu.

Msimu wa vimbunga vya Atlantiki ni 1 Juni hadi 30 Novemba, kilele chake karibu na 10 Septemba. Vyumba vya Septemba ni rahisi kwa sababu shule zimefunguliwa, na kwa sababu hiyo pia. Ukikubali bei, umekubali na msimu.

1. Bima ya safari. Nunua siku unayokata tiketi. Kimbunga kikishapewa jina, bima utakayonunua baada ya hapo haikilipi kimbunga hicho. Milton ilipewa jina Jumamosi 5 Oktoba, Jumatano usiku ikapiga pwani ya Florida. Siku nne.

2. Sera ya ulikolipia. Disney wana utaratibu wao: onyo la kimbunga likitolewa kwa Orlando au kwa unakoishi, ndani ya siku 7 kabla ya kufika kwako, unaahirisha au unafuta bila faini yao. Sikiliza vizuri, faini *yao*. Tiketi ya ndege na nyumba uliyokodi kwa mtu mwingine hazimo humo.

3. Kusoma utabiri. Fuata Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Miami, siyo video za TikTok. Taarifa kamili hutoka mara nne kwa siku: saa 11 alfajiri, saa 5 asubuhi, saa 11 jioni, saa 5 usiku. Neno Watch maana yake upepo mkali unaweza kufika, na hutolewa saa 48 kabla. Warning maana yake unatarajiwa, saa 36 kabla. Watch ndiyo siku yako ya kufanya mambo. Ukingoja Warning utafanya mambo hayohayo ukiwa kwenye foleni.

Ile koni nyeupe kwenye ramani haionyeshi ukubwa wa kimbunga. Inaonyesha jicho, yaani kitovu cha kimbunga, linaweza kupita wapi, na mara moja katika tatu jicho hutoka nje ya koni. Kwa hiyo "sisi tuko nje ya mstari" si hoja.

4. Manunuzi. Maji, mkate, siagi ya karanga, matunda, nepi, dawa za mzee za wiki nzima, tochi, pawabanki. Fedha taslimu, noti ndogondogo, maana umeme ukikatika kadi ni plastiki tu na M-Pesa huku haipo. Jaza tangi la gari. Pasi za kusafiria kwenye mfuko wa zipu. Rafu ya maji ikiwa tupu usihangaike, maji ya bomba yananyweka: jaza chupa zako, kisha jaza beseni la kuogea kwa ajili ya choo.

5. Chumba na gari. Hapa ndipo nilipoharibu. Ndege yetu ilikuwa Jumanne 8 Oktoba, saa 11 jioni. Uwanja wa Orlando ulikuwa umeshatangaza kwamba safari za abiria zitasimama Jumatano saa 2 asubuhi. Nikapiga hesabu za kijanja: tuna muda wa kumwaga. Saa 5 asubuhi nikakabidhi chumba. Saa 7 mchana nikarudisha gari la kukodi, tena nikajisifu kwa mke wangu kwamba tumewahi kabla ya foleni. Saa 10 ubao ukaandika ndege imechelewa. Saa 1 usiku ikafutwa.

Nikapiga hotelini: chumba chetu wameshapewa watu wa Tampa, mji wa pwani ya magharibi. Nikapiga kwenye gari: hakuna hata moja. Mama alikuwa amekaa juu ya sanduku, kanga yake moja ameitandika chini mtoto mdogo amelala, ya pili amejifunika kwa sababu ya kiyoyozi. Akaniuliza taratibu, "Sasa mwanangu, tunalala wapi?" Nikamwambia hapahapa. Mfanyakazi wa uwanja aliyekuwa anapita hakujua Kiswahili lakini aliona nilivyoyapanga masanduku kama kitanda, akaniambia uwanja si kimbilio, utafungwa.

Aliyetuokoa ni dada mmoja wa Kissimmee, mji jirani na Orlando, ambaye sikuwahi kumwona maishani. Namba yake niliipata kwa rafiki wa Columbus. Alikuja saa 4 usiku, mvua imeshaanza, gari la viti saba, yeye na sisi sita. Masanduku mawili tuliyapakata.

Kwa hiyo:
- Orlando iko katikati ya rasi, mbali na bahari, ndiyo maana watu wa Tampa na Sarasota hukimbilia huko kwa barabara ya I-4. Wewe unawaza kutoka, wao wanaingia. Chumba chako kina mtu anakisubiri.
- Watch ikitoka tu, nenda mapokezi uongezewe usiku mbili. Uliza sharti la kufuta, na waandike.
- Gari lirudishwe la mwisho. Kama ndege haijaonekana getini, gari libaki kwako.
- Ndege ya mwisho kabla uwanja haujafungwa si ndege, ni bahati nasibu. Kama unataka kuondoka, ondoka siku mbili kabla.
- Uwe na namba ya mtu mmoja anayeishi huko. Mmoja tu.

6. Usiku wenyewe. Kaa mbali na madirisha. Tumia ngazi, lifti iache. Mishumaa hapana. Viti na meza za kibarazani viingie ndani. Milio ya dharura ya simu usiizime hata kama inaamsha watoto. Kukitangazwa tornado, yaani kisulisuli kikali, wote chooni au kwenye korido ya ndani, mlango umefungwa. Na kukitulia ghafla katikati ya dhoruba msitoke kupiga picha: huenda ni jicho linapita, na upande wa pili unakuja.

7. Baada. Usiendeshe kwenye maji usiyoona mwisho wake. Waya ulioanguka usiusogelee. Kama mmekodi nyumba yenye jenereta, iwake nje, mbali na madirisha. Moshi wake huua watu usingizini, na huwa ni baada ya kimbunga, watu wakishadhani yamekwisha.

Maswali karibuni. Ni mimi, Baba Tatu.

---

Mama Mapacha: Asante kaka. Sisi tunaenda tarehe 20 Septemba, je kutakuwa na kimbunga?

Baba Tatu: Dada, hakuna anayejua leo. Hatua ya 1 na ya 3.

Chuma cha Pua: Mnatia watu hofu bure. Milton Disney walifunga siku moja tu, tarehe 11 watu walikuwa wanapanda treni za kupinduka kama kawaida.

Baba Tatu: Walifunga mapema tarehe 9, wakafunga tarehe 10 kutwa, wakafungua 11. Hilo kweli. Lakini mchana wa tarehe 9, jicho likiwa bado baharini upande wa magharibi, tornado zilishuka pwani ya mashariki, na kaunti ya St. Lucie zikaua watu 6. Sijasema msiende. Nimesema msikabidhi chumba.

Chuma cha Pua: Sawa mkuu, usinune.

Baba Tatu: Sijanuna.

Mwanahawa wa Mvita: Shikamoo kaka. Naomba kuelewa kitu. Kama Orlando iko mbali na bahari, kimbunga si kinakuwa kimechoka kikifika? Na mbona sisi Mombasa bahari ipo, joto lipo, vimbunga hatuvioni?

Baba Tatu: Marahaba dada, maswali kama haya ndiyo yananifanya nisifunge mjadala. Kimbunga chakula chake ni bahari yenye joto, kama nyuzi 26 na kitu kwenda juu. Kikipanda nchi kavu kimekatiwa chakula, kinaanza kudhoofu. Lakini kudhoofu kunataka muda. Charley, 13 Agosti 2004, iliingia pwani ya kusini magharibi ya Florida mchana ikiwa daraja la 4 kati ya 5 za nguvu, na kwa vile ilikuwa na mwendo, usiku uleule ilikuwa juu ya Orlando, upepo wa ghafla umezidi kilomita 160 kwa saa. Mwaka huo huo Frances na Jeanne nazo zikafuata. Kwa hiyo angalia nguvu, na angalia na mwendo. Kinachotembea polepole kina hatari nyingine, kinamwaga mvua mahali pamoja mpaka maziwa yanafurika, na Orlando ni mji wa maziwa. Kujaa kwa bahari tu ndiko kusikowafikia.

Kuhusu Mombasa: joto peke yake halitoshi. Ili kijisokote kinahitaji msukumo wa dunia inavyozunguka, na kwenye ikweta msukumo huo ni sifuri. Unaongezeka kadiri unavyokwenda kaskazini au kusini. Kwa kawaida havizaliwi ndani ya digrii 5 za ikweta, na Mombasa iko digrii 4. Orlando iko 28. Tena vya kwao huzunguka kinyume cha saa, vya kwetu kusini huzunguka kama saa.

Mwanahawa wa Mvita: Subhanallah. Kwa hiyo kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilipita Mafia kwa sababu wao wako kusini zaidi?

Baba Tatu: Ndiyo hivyo. Na hata hivyo ilikuwa imeshapungua nguvu ilipofika. Lindi walipigwa 1952, nako ni kusini zaidi.

Mtoto wa Pemba: Msisahau Unguja, Aprili 1872, wakati wa Sayyid Barghash. Mikarafuu ya Unguja iling'olewa karibu yote, ya Pemba ikapona. Ndiyo maana karafuu ikawa yetu mpaka leo. Bibi yangu akisikia mtu wa Unguja anajivunia karafuu hucheka mpaka akohoe.

Dogo Dallas: Mkuu hujasema chochote kuhusu bima.

Baba Tatu: Hatua ya 1.

Dogo Dallas: Ahaa. Na kama nimesahau kununua na kimbunga kina jina tayari?

Baba Tatu: Piga shirika la ndege. Kimbunga kikikaribia, mara nyingi hutangaza kubadilisha tarehe bure. Ndege ikifutwa na wao, na wewe hutaki nyingine, Marekani wanakurudishia pesa yako, usikubali vocha kwa haraka. Hoteli zungumza nao kwa upole. Hapo ndipo ulipo.

Mama Nasra Kissimmee: Baba Tatu umesimulia ya uwanjani, ya nyumbani kwangu umeyaficha. Niongeze yangu. Kabla umeme haujakatika, pika. Mama yako alisukuma chapati arobaini, tukala siku mbili hakuna aliyelalamika. Pili, gandisha chupa za maji, jaza friza yote, zinashika baridi na baadaye mnakunywa. Tatu, kikombe cha maji kigande, weka sarafu juu. Ukirudi ukaikuta sarafu chini, friza iliyeyuka ikaganda tena, nyama hiyo tupa.

Baba Tatu: Dada yangu. Mama bado anakutaja kwenye dua.

Mama Mapacha: Nyumba tuliyokodi ina bwawa la kuogelea. Tulifunike?

Mama Nasra Kissimmee: Hapana mama, liache na maji yake, mwenye nyumba ndiye wa kuulizwa kama kuna kupunguza. Ingiza viti, miavuli na maboya ya watoto. Sisi hapa boya la bata la jirani tulilikuta juu ya mti wetu.

Mwanahawa wa Mvita: Watoto mliwaambia nini? Wangu wa miaka sita anaogopa hata radi.

Baba Tatu: Tuliwaambia ukweli mfupi: upepo mkubwa unapita usiku, sisi tuko ndani, asubuhi tutaona. Kila mmoja akapewa tochi yake na kazi yake. Wa kati kazi yake ilikuwa kusikiliza simu ya baba ikilia. Ililia mara tatu, na mara zote yeye ndiye aliyeniamsha. Kosa letu lilikuwa kuwaonyesha ramani. Ule wekundu unaozunguka uliwatisha kuliko upepo wenyewe.

Dogo Dallas: Hotelini niombe ghorofa ya ngapi?

Baba Tatu: Ya pili au ya tatu, upande usioelekea maegesho. Chini kuna maji, juu sana upepo ni mkali zaidi na lifti haitafanya kazi, na wewe una kigari cha mtoto.