Dawa ya Kumtuliza Paka Humezwa Saa Mbili Kabla, Si Mlangoni

Paka anafika kliniki katoa macho, masikio kayalaza, kucha zimezama kwenye taulo, na mwenye paka anaapa kwamba dawa kampa. Ukimuuliza saa ngapi, jibu ni lile lile: "Sasa hivi tu, daktari, tulipokuwa tunatoka." Huyo paka hajatulizwa. Ana dawa tumboni, basi.

Gabapentini, ambayo madaktari wengi huwaandikia paka wanaoogopa safari, si sindano. Lazima ishuke kwenye utumbo, ifyonzwe, ndipo ifike kwenye ubongo. Wengi huanza kulegea baada ya saa moja hivi, na nguvu yake hukamilika kati ya saa ya pili na ya tatu. Ukimpa huku umeshika funguo za mlango, dawa itamkolea akiwa ameshapimwa, ameshachomwa sindano, ameshang'ata mtu na yuko njiani kurudi. Tena paka akishatishika ni kazi nyingine: dozi ambayo ingemtosha akiwa ametulia inaweza isimguse kabisa.

Kibaya zaidi ni kinachofuata. Nusu saa imepita, paka bado anakwaruza sanduku, mwenyewe anamwongezea kapsuli ya pili. Dozi mbili zinakutana mwilini adhuhuri, mnyama yuko nyumbani, hakuna anayemwangalia. Anarukia kabati kama kawaida yake na kuanguka. Usirudie dozi! Hata kama ametema, hata kama ametoa povu: hujui kimeingia kiasi gani, kwa hiyo hujui unaongeza juu ya nini. Piga simu kliniki, na kama si dharura, sogeza miadi.

Hesabu kinyumenyume. Miadi ikiwa saa 4 asubuhi, dawa iwe imemezwa kati ya saa 1 na saa 2. Nimesema imemezwa, si imeandaliwa. Dakika 40 za kumsaka chini ya kitanda hazimo kwenye hesabu, kwa hiyo amka mapema. Sanduku la kumbebea liwe wazi chumbani tangu jana yake, kwa sababu ukilitoa stoo asubuhi hiyo hofu itaitangulia dawa. Paka mwenye woga mkali daktari anaweza kumwandikia dozi ya usiku wa kuamkia safari na nyingine asubuhi. Huo ni mpango wa daktari, haufanani na kuongeza kwa hasira.

Kipimo hutokana na uzito wa sasa, si ule wa mwaka juzi. Paka mzima mwenye afya, wa kilo 4 au 5, mara nyingi huandikiwa miligramu 100. Mwenye umbo dogo, mzee au mgonjwa wa figo hupewa 50 au chini ya hapo, maana dawa hii hutolewa na figo, na zikiwa dhaifu hukaa mwilini muda mrefu. Kapsuli za watu huja za 100, 300 na 400, na wapo wanaofungua ya 300 wakagawa unga kwa macho. Acheni! Omba ya 100. Ya maji, ikiwa na miligramu 50 kwa kila mililita, pima kwa sirinji isiyo na sindano: miligramu 100 ni mililita 2. Kijiko cha chai ni mililita 5, yaani miligramu 250, na bado watu wanatumia kijiko. Ya maji ya watu usimpe mpaka daktari asome lebo. Baadhi hutiwa zailitoli, kitu cha kuongeza utamu badala ya sukari, ambayo ni sumu kwa mbwa, na nyumba nyingi zenye paka zina mbwa pia.

Unga wa kapsuli ni mchungu. Uchanganye na kijiko kimoja cha chai cha chakula laini anachokipenda; ukiutia kwenye bakuli zima ataacha nusu, na nusu ya dawa pamoja nayo. Kama siku hiyo atapewa nusukaputi, uliza kwanza kama hata kijiko hicho kinaruhusiwa. Ukimpa kapsuli nzima, mfuatishie mililita 5 za maji polepole pembeni mwa mdomo, isije ikakwama kwenye umio na kuujeruhi.

Dawa za usingizi za watu usimpe. Paracetamol kamwe, inaua paka.

Akianza kuyumba na kope la tatu, ule utando wa kona ya ndani ya jicho, likachungulia, dawa imekubali.

Ukifika, mpe daktari karatasi yenye jina la dawa, miligramu na saa aliyomeza, kwa sababu akihitaji kumchoma sindano ya usingizi huenda akapunguza kipimo chake. Mkirudi, mfungie chumba kisicho na ngazi wala mahali pa kurukia, asitoke nje mpaka atembee bila kupepesuka. Wengi huwa sawa kufikia jioni. Asiyeamka ukimgusa, au anayepumua kwa shida, arudishwe kliniki saa hiyo hiyo.