Namna ya Kupanga Mkusanyiko wa Mwanamuziki wa Bendi ya Jazi Jijini Dar es Salaam

Mtunza nyaraka anayepokea mkusanyiko wa mwanamuziki wa zamani wa dansi hupokea vitu ambavyo kwa kawaida havikuwahi kukaa ofisini. Vimekaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda huko Ilala, Magomeni au Temeke, au juu ya kabati pamoja na gitaa lisilo na nyuzi. Ipo sababu ya kihistoria ya hali hiyo, na anayeifahamu atafanya kazi yake vizuri zaidi. Bendi nyingi kubwa za jiji hili zilikuwa mali ya taasisi: NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo cha Urafiki. Vyombo vilikuwa vya mwajiri, kanda zilirekodiwa na kubaki Radio Tanzania Dar es Salaam, na santuri nyingi zilitolewa na kampuni za Nairobi. Kilichobaki mikononi mwa mwanamuziki mwenyewe ni madaftari, barua, picha na kaseti chache, na mara nyingi humo ndimo ulimo ushahidi pekee wa nani alitunga nini. Kila hatua inayoelezwa hapa inalenga kuulinda ushahidi huo.

Kazi huanzia nyumbani kwa familia, kabla kitu chochote hakijainuliwa. Salamu na mazungumzo ya kwanza yasiharakishwe, kwa kuwa mama mjane au dada wa marehemu aliyelitunza sanduku kwa miaka mingi anajua mambo ambayo hayakuandikwa popote: bahasha ipi ilitoka safarini, daftari lipi marehemu alikuwa hamruhusu mtu kulishika. Piga picha za vitu vikiwa mahali vilipokutwa, kisha kipe kila kifungashio namba (sanduku la kwanza, begi la pili, na kadhalika) na uandike kwenye daftari la mapokezi kilichomo kwa ujumla. Hati ya makabidhiano itamke wazi kama familia inatoa vitu moja kwa moja, inaviazimisha, au inaruhusu vinakiliwe tu, na isainiwe na wale ambao familia yenyewe imekubaliana kuwa wasemaji wake. Ukikuta chombo cha muziki chenye alama ya taasisi, iandike alama hiyo kama ilivyo na suala la umiliki uliache wazi, maana hati ya familia haiwezi kukupa mali isiyokuwa yao.

Vitu vikifika, visiingizwe moja kwa moja kwenye chumba cha hifadhi. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu karibu mwaka mzima, hasa wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na kuvu hustawi pale unyevu unapokaa juu ya asilimia 65 kwa muda. Tenga chumba chenye feni na madirisha ya nyavu, ufungue maboksi humo, ukague kuvu, mende, mchwa na kinyesi cha panya. Karatasi zenye unyevu zikaushwe kivulini penye upepo. Desturi ya kuanika juani, ambayo wengi huifanya kwa nia njema, hufifisha wino na kuzikunja karatasi. Kuvu iliyokwisha kukauka huondolewa kwa brashi laini, aliyeishika akiwa amevaa barakoa. Madaftari yenye wadudu yafungwe kwenye mifuko ya plastiki isiyopitisha hewa na kuwekwa kwenye friza inayofikia nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha yaachwe ndani ya mifuko hiyohiyo hadi yarudi kwenye joto la chumba. Santuri, kanda na picha zisiingizwe kwenye friza. Pini za stapla na klipu, ambazo hewa ya bahari huzitia kutu upesi, zitolewe taratibu kwa kuzikunjua miguu, si kwa kuzivuta.

Sasa inakuja sehemu inayodai uvumilivu mkubwa kuliko zote, nayo ni mpangilio. Mtu mgeni katika kazi hii hutamani kuzikusanya nyimbo zote pamoja, barua pamoja na picha pamoja. Tamaa hiyo izuiwe. Mpangilio aliouacha mwanamuziki mwenyewe, hata ukionekana kama fujo, ni maelezo: barua iliyochomekwa kati ya kurasa mbili za daftari inaweza kuwa ndiyo inayoonyesha wimbo ule uliandikwa lini, na stakabadhi ya posho iliyo nyuma ya jalada inaweza kumweka mtunzi katika bendi fulani mwezi fulani. Ikibidi picha itolewe kwenye daftari kwa usalama wake, weka mahali pake kipande cha karatasi isiyo na asidi kinachosema imetoka ukurasa gani na imehamishiwa wapi.

Madaftari ya mashairi yanastahili kusomwa ukurasa kwa ukurasa. Hesabu kurasa zote, pamoja na zilizo tupu, na uandike namba kwa penseli laini kwenye kona ya chini. Kalamu ya wino isiingie kabisa kwenye chumba cha kusomea madaftari. Angalia miandiko. Katika bendi za dansi mtu mmoja aliweza kuleta maneno, mwingine akatafuta sauti, mpiga solo akaweka vionjo vyake, na wapulizaji wakajibu kwa saksafoni na tarumbeta. Kwa hiyo daftari lililokutwa kwa mtu mmoja halithibitishi kwamba kila wimbo uliomo ni wake. Maelezo yako yaseme kile kinachoonekana: beti tatu kwa mwandiko wa mwenye daftari, kiitikio kwa mwandiko mwingine na wino mwekundu, mistari miwili imefutwa na kuandikwa upya pembeni. Maneno yaliyofutwa yanakiliwe pia, kwa sababu yanaonyesha wimbo ukikua, na mtu anayenakili wimbo wa mwenzake kwa kawaida hafuti na kubadilisha namna hiyo. Binafsi naona ukurasa wenye masahihisho una thamani kubwa kuliko nakala safi ya wimbo uleule, na ningeutangulizia ulinzi wote nilio nao.

Majina huleta matatizo yake. Bendi ya NUTA iliitwa baadaye JUWATA, kisha OTTU, kila chama cha wafanyakazi kilipobadilika jina, na hatimaye Msondo Ngoma, huku wanamuziki wakihama kutoka bendi moja kwenda nyingine. Muhidin Maalim Gurumo, kwa mfano, alitoka huko akaenda Mlimani Park ilipoanzishwa mwaka 1978, baadaye akapita Orchestra Safari Sound, kisha akarudi alikotoka. Mashabiki nao waliziita bendi kwa majina ya mitindo ya muziki wa bendi hizo, kama Sikinde kwa Mlimani Park au Saboso kwa Western Jazz. Tengeneza orodha moja ya majina ambamo kila bendi ina jina kuu, majina yake mengine na vipindi vyake, na kila mwanamuziki ana jina kamili na majina ya utani. Usilibadilishe jina lililoandikwa kwenye waraka. Liandike kama lilivyo na ulielekeze kwenye jina kuu.

Picha zisizo na maelezo zipelekwe kwa wazee waliopiga muziki enzi hizo mapema iwezekanavyo, maana ujuzi huo uko vichwani mwao tu. Peleka nakala zilizokuzwa, si picha zenyewe, na omba ruhusa ya kurekodi mazungumzo. Mzee mmoja akisema mpiga besi ni fulani na mwingine akamtaja mtu tofauti, andika kauli zote mbili pamoja na jina la aliyezitoa.

Kuhusu sauti, kanuni ya kwanza ni kutocheza kanda kwa kuijaribu. Kanda ya rili yenye harufu ya siki inaoza na inapaswa kutengwa na nyingine. Inayonata inapozungushwa ipelekwe kwa fundi mwenye ujuzi wa kanda. Kaseti zivunjwe vijino viwili vya nyuma ili zisirekodiwe juu kwa bahati mbaya. Santuri zishikwe ukingoni na zisimamishwe wima, kamwe zisilazwe moja juu ya nyingine. Unaponakili, tumia faili za WAV za biti 24 na kilohezi 96. Saa moja ya sauti ya stirio itachukua takriban gigabaiti mbili, kwa hiyo nunua diski mapema, weka nakala tatu, na moja kati yake ikae jengo jingine. Usisafishe mikwaruzo kwenye nakala ya hifadhi, na wala usikate sauti za watu wanaozungumza kabla ya wimbo kuanza: sauti hizo hutaja majina.

Kabla ya kufungulia wasomaji, pitia haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliweka ulinzi wa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, hivyo tungo za mtu kama Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki Januari 1979, bado zimo ndani ya muda huo. Kumiliki daftari si kumiliki wimbo, na msomaji aelezwe hivyo kwa maandishi. Karatasi za hospitali, madeni na barua za ndoa zinazowagusa watu walio hai zitengwe kwa muda mtakaokubaliana na familia, mkizingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Mwongozo wa mkusanyiko, yaani maelezo ya vilivyomo, uandikwe kwa Kiswahili, ili mjukuu wa mpiga tumba aweze kuusoma sawasawa na mtafiti wa chuo kikuu. Familia ipewe nakala yake iliyochapishwa pamoja na nakala za picha na sauti, na kila mwaka, mwezi Februari kabla mvua hazijaanza, maboksi yote yafunguliwe na kukaguliwa upya.