Namna ya Kumsimulia Mtoto Ngano Nyumbani

Ngano haitaki matayarisho makubwa, lakini inataka wakati wake. Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba wakati huo ni baada ya Isha, watoto wakiwa wamesharudi chuoni na kula, na simu za wakubwa zimewekwa kando. Kule Pemba msimu wa karafuu unaleta nafasi iliyo bora zaidi, kwani usiku wa kuchambua wakubwa kwa wadogo hukaa jamvini wakilizunguka fungu moja, wakitenganisha karafuu na makonyo yake, na mtoto ambaye mikono yake ina shughuli huwa na masikio matulivu.

Anza kwa mwito. Ukisema "Paukwa!", ngojea "Pakawa!" itoke kwa kila aliyekaa, hata kwa yule mdogo anayeitamka nusu, kisha ongeza "Sahani!" wakujibu "Ya mchele!", na "Giza!" wakujibu "La mwizi!", au yoyote mliyozoea kuitikiana nyumbani kwenu. Wako wazazi wanaoiruka sehemu hii kwa kuiona ni mchezo mtupu. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye faida kubwa ya kikao, kwa sababu mtoto anafahamu tangu mwanzo kwamba hadithi haiendi bila ya sauti yake, jambo ambalo runinga haiwezi kumpa, maana runinga haimngoji ajibu.

Katika kuchagua, tazama umri. Walio chini ya miaka sita wanafaa ngano za wanyama, hasa zenye wimbo mfupi unaorudiwa, na wimbo huo usiufupishe hata ukiwa umechoka. Abunuwasi wangoje kidogo: kisa cha sufuria iliyozaa na baadaye ikafa kinamchekesha mtoto wa skuli aliyekwishajua kwamba sufuria haizai, ilhali mdogo wake atakubali tu kwamba imezaa na kuuliza kitoto kiko wapi.

Kwa anayeanza kusimulia, ngano ninayoipendekeza kabla ya nyingine zote ni ya kima na papa. Ni ya zamani hapa kwetu. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza, aliikuta Unguja na kuichapisha London mwaka 1870, na India ina ngano yake kongwe ya namna hiyo hiyo, isipokuwa huko mahali pa papa pana mamba. Kima anakaa juu ya mkuyu ulioinamia bahari, anamtupia papa matunda, wanakuwa marafiki, na siku moja papa anamwalika kwao na kumbeba mgongoni. Safari hii usiikimbize. Waonyeshe watoto nchi kavu inavyobaki nyuma, na ikiwa wanakaa mjini Unguja mpitishe papa karibu na Chumbe ili waone mnara wa taa unavyozidi kuwa mdogo. Kilindini papa anafichua kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Nyamaza hapo. Mmoja atasema kima aruke, mwengine atamkumbusha kwamba pwani iko mbali, na wa tatu atataka papa aombwe kwa adabu. Wote waachie nafasi mpaka waishiwe, ndipo umlete kima na jibu lake, kwamba kima wanaposafiri huiacha mioyo yao mitini, kwa hiyo afadhali warudi wakauchukue. Mtoto aliyekwishajaribu mwenyewe kumtoa kima baharini hulipokea jibu hilo kwa furaha ambayo hawezi kuwa nayo aliyepewa jibu bila ya kuhangaika. Kisa cha punda wa dobi, ambacho kima anamsimulia papa baada ya kuokoka, wawekee wakubwa, kwani hadithi iliyo ndani ya hadithi huwapotezea wadogo njia.

Kuhusu kitisho, zimwi lisiondolewe katika ngano, kwa kuwa mtoto anajifunza kuivumilia hofu akiwa amekaa salama karibu na bibi yake. Masharti ni mawili tu: zimwi lishindwe usiku huo huo, wala lisiachwe mpaka kesho, na mchana lisigeuzwe fimbo ya kumtishia asiyetaka kula.

Panapohitaji uangalifu zaidi ni kwa mama wa kambo. Ngano zetu humfanya mwovu, na za Ulaya ni vivyo hivyo, ingawa huko mambo hayakuwa hivyo tangu awali: katika chapa ya kwanza ya ndugu Grimm, wakusanyaji wa ngano wa Kijerumani, ya mwaka 1812, aliyetaka watoto Hänsel na Gretel waachwe msituni alikuwa mama yao mzazi, na ni matoleo ya baadaye yaliyomgeuza kuwa mama wa kambo. Ikiwa waliochapa vitabu walijiruhusu kumbadilisha, na wewe unayo ruhusa. Mbele ya mtoto anayelelewa na mke wa baba yake, mwovu na awe jirani mchoyo au waziri wa sultani, na ngano haitapungukiwa na kitu.

Ukifika mwisho, sema kama wasemavyo wazee kwamba hadithi ikiwa njema ni yetu sote na ikiwa mbaya ni yako peke yako, kisha usiulize "Tumejifunza nini?", kwani swali hilo lina harufu ya mtihani. Uliza badala yake kama kima alifanya haki kumdanganya rafiki, au papa angefanya nini na amri ya sultani wake, na ukubali majibu yanayopingana. Kesho yake mpe mtoto zamu ya kusimulia bila ya kumsahihisha kila neno. Akiitaka tena ile ile usiku wa tatu, msimulie, na wimbo uwe na maneno yale yale, maana ukibadilisha moja atakusimamisha.